Mwalimu Nyerere na mpaka wa Sirari: aliyetaka kuufuta ndiye aliyeufunga

Ukisimama Sirari asubuhi utawaona akina mama na mizigo yao kichwani, vijana wa bodaboda wakisubiri abiria, na malori yaliyopanga foleni kungoja karatasi. Hatua chache mbele ni Isebania, na huko tayari ni Kenya. Kikurya na Kiswahili vinasikika pande zote mbili, na si ajabu mtu kuwa na shangazi ng'ambo na shamba upande huu.

Kuna wakati mpaka huu ulifungwa. Ulifungwa Februari 1977, ukafunguliwa Novemba 1983, karibu miaka 7 baadaye. Vijana wetu wengi hawalijui hilo. Wanaolijua huwa na swali moja, hasa inapokaribia tarehe 14 Oktoba, siku tunayomkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Mtu wa mkoa huu huu wa Mara, aliyehubiri umoja wa Afrika maisha yake yote, aliwezaje kuwafungia njia majirani zake mwenyewe?

Swali ni la haki, na tunajaribu kulijibu hapa kwa kuyapitia maisha yake kwa upande mmoja tu, upande wa majirani na mipaka. Vijiji vya ujamaa na mengine mengi tunayaacha kwa siku nyingine.

Mstari uliochorwa kabla hajazaliwa

Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na Mama Mugaya Nyang'ombe. Mpaka wetu ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30 tayari. Mwaka 1886, huko Ulaya, Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuigawana Afrika Mashariki kwa mstari unaoanzia pwani karibu na mdomo wa mto Umba, unaozunguka Mlima Kilimanjaro, kisha unanyooka kama kamba iliyovutwa hadi Ziwa Victoria.

Hakuna Mkurya aliyeulizwa. Mstari ulipofika kwetu ulipita katikati ya koo. Wairege, Wanyabasi na Wakira wapo Tarime, na wapo pia Kenya upande wa Kehancha na Ntimaru. Ulipita pia katikati ya mbuga, ndiyo maana nyika ile ile ya nyumbu inaitwa Serengeti huku na Maasai Mara kule.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondoka, Waingereza wakashika pande zote mbili. Mstari ukabaki kwenye ramani lakini ukawa mwepesi. Shilingi ilikuwa moja, na baadaye posta, reli na forodha navyo viliendeshwa kwa pamoja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Kambarage alikulia katika hali hiyo. Alianza shule mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, katika Shule ya Mwisenge mjini Musoma. Akaenda Tabora mwaka 1937, kisha Makerere, Uganda, mwaka 1943. Makerere wakati huo kilikuwa chuo cha Afrika Mashariki nzima. Kijana wa Kizanaki alikaa darasa moja na vijana wa Kenya na Uganda, wote wakisomea kazi zile zile chini ya mtawala yule yule.

Baada ya kufundisha Tabora alikwenda Edinburgh, Uingereza, mwaka 1949 na kurudi 1952 akiwa na shahada. Mwaka uliofuata alimwoa Maria Waningu Gabriel Magige, mzaliwa wa Baraki, ambako enzi hizo kulikuwa Tarime na leo ni wilaya ya Rorya. Kwa hiyo watu wa kaskazini ya mto Mara wana haki ya kumwita mkwe.

Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilianzishwa, yeye akiwa rais wake. Machi 1955 alikuwa New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Jambo hili husahaulika: Tanganyika haikuwa koloni la kawaida, ilikuwa nchi ya udhamini, na Uingereza ilipaswa kutoa hesabu yake mbele ya mataifa mengine. Nyerere aliitumia nafasi hiyo vizuri. Alijifunza mapema kwamba nchi maskini isiyo na jeshi kubwa wala fedha inaweza kusikilizwa pale penye meza ya wengi.

Uhuru ungoje

Septemba 1958, jirani hapa Mwanza, vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki na Kati vilikutana na kuunda umoja wao uliojulikana kwa kifupi kama PAFMECA. Nyerere alikuwa mmoja wa waliouanzisha. Lengo lilikuwa kwamba anayetangulia kupata uhuru amvute mwenzake.

Miaka miwili baadaye alikwenda mbali zaidi ya hapo. Juni 1960, katika mkutano wa nchi huru za Afrika uliofanyika Addis Ababa, Nyerere alitangaza kwamba Tanganyika iko tayari kuchelewesha uhuru wake ili iwasubiri Kenya na Uganda, na nchi zote 3 ziingie katika uhuru zikiwa shirikisho moja.

Tulipime jambo hilo kwa mizani ya siku zile. TANU ilikuwa inaelekea kwenye uchaguzi wa Agosti 1960, ambao ilishinda viti 70 kati ya 71. Watu walikuwa wamenunua kadi, wametembea kwa miguu kwenda mikutanoni, wengine wamefungwa. Uhuru ulikuwa mlangoni. Kenya ndiyo kwanza ilikuwa imeondolewa hali ya hatari, Kenyatta bado alikuwa kizuizini, na Uganda ilikuwa katika mvutano mkubwa juu ya nafasi ya Buganda. Kuwaambia watu wa Tanganyika wasubiri halikuwa neno dogo kwa mwanasiasa yeyote.

Hoja yake ilikuwa hii. Nchi 3 zikiwa chini ya mtawala mmoja, kuziunganisha ni rahisi. Zikishapata kila moja bendera yake, wimbo wake, mabalozi wake, kiti chake Umoja wa Mataifa na rais wake, patakuwa na watu wengi wenye cha kupoteza. Atakayekubali kushuka kutoka rais wa nchi hadi kuwa mkuu wa jimbo ni nani? Nyerere aliliona hilo kabla yeye mwenyewe hajakalia kiti.

Wenzake hawakulipokea kwa haraka aliyotaka, na Tanganyika haikungoja. Ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Uganda ilifuata Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963. Tarehe 5 Juni 1963 jijini Nairobi, Kenyatta, Obote na Nyerere walitia saini tamko kwamba shirikisho litaundwa kabla ya mwaka huo kwisha. Halikuundwa. Uganda ilihofia kumezwa na Buganda haikutaka, pakawa na ubishi juu ya makao makuu na juu ya nani atakuwa na sauti katika mambo ya nje. Nkrumah wa Ghana naye alipinga miungano ya kanda kwa sababu aliona itaizuia Afrika kuungana yote kwa mara moja. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na yale aliyoyatabiri Nyerere mwaka 1960 yalikuwa yameanza.

Muungano pekee uliotimia mikononi mwake ni ule wa Tanganyika na Zanzibar, tarehe 26 Aprili 1964.

Maji ya mto Mara na mkataba wa Misri

Kuna uamuzi wake mmoja unaotuhusu sana sisi wa bonde la mto Mara, na hauzungumzwi vya kutosha.

Mto Mara unatoka kwenye msitu wa Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara, unaingia kwetu kupitia Serengeti, unapita Tarime na Butiama na kumwagika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Kutoka ziwani maji yanaingia Nile na kwenda hadi Misri. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, ilikubaliana na Misri kwamba kazi kubwa za umwagiliaji au umeme zisifanyike kwenye Nile, vijito vyake na maziwa yake bila ridhaa ya Misri, kama zingepunguza maji yanayofika huko. Kwa lugha rahisi, mkulima wa Mara alikuwa amefungwa na karatasi ambayo hakuna mtu wa kwao aliyeitia saini.

Nyerere alipochukua nchi aliweka utaratibu ambao wanasheria wa dunia wanauita kwa jina lake hadi leo. Mikataba ya nchi mbili iliyowekwa na mkoloni itaendelea kuheshimiwa kwa miaka 2, na katika muda huo Tanganyika itazungumza na upande wa pili. Ule ambao haujakubaliwa upya utakufa. Mwaka 1962 serikali yake iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haijioni imefungwa na makubaliano ya 1929. Mazungumzo ya nchi za bonde la Nile yaliendelea kwa miongo mingi. Mkataba mpya ulifunguliwa kutiwa saini Entebbe mwaka 2010, na ulianza kutumika Oktoba 2024, bila Misri na Sudan kujiunga nao.

Aliikataa karatasi ya mkoloni kuhusu maji, basi. Kuhusu mpaka alifanya kinyume chake.

Kwa nini aliukubali mpaka wa mkoloni

Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulizaliwa Addis Ababa tarehe 25 Mei 1963. Kamati yake ya Ukombozi iliwekwa Dar es Salaam. Julai 1964 viongozi walikutana Cairo, na huko serikali ya Nyerere ndiyo iliyowasilisha azimio kwamba kila nchi iheshimu mipaka aliyoikuta siku ya uhuru.

Mkurya wa Tarime anaweza kuuliza kwa uchungu kidogo: yaani mtoto wa Butiama, anayejua vizuri kwamba mstari ule ulikata ukoo, ndiye aliyekwenda Cairo kuutetea?

Ndiye. Alijua mstari ni wa kijinga. Lakini alijua pia kwamba karibu kila mpaka wa Afrika umekata watu. Ukiwaruhusu Wakurya kuurekebisha, Wamasai watadai wao, Wasomali wao, Wamakonde wao, na kila dai litakuja na bunduki. Kwake dawa ya mpaka mbaya haikuwa kuchora mwingine. Dawa ilikuwa kuunganisha nchi hadi mpaka ukose kazi, mtu avuke Sirari kama anavyovuka kutoka Tarime kwenda Serengeti.

Tunakubaliana na hoja hiyo, lakini haki inatulazimisha kusema kwamba hata yeye aliivunja. Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria. Aliona mauaji ya Waigbo yamepita kiasi cha kuheshimu mstari. Wapo waliomsifu kwa hilo, na wapo viongozi wa Afrika waliomlaumu kwa miaka mingi.

Jumuiya ya kwanza

Shirikisho likiwa limeshindikana, zilibaki huduma za pamoja zilizorithiwa kutoka kwa Mwingereza. Mwaka 1966 shilingi ya pamoja ilikufa, kila nchi ikachapisha noti zake. Mtu aliyekuwa akiuza ng'ombe Kehancha na kununua blanketi Tarime kwa fedha ile ile, sasa alihitaji kubadilisha.

Ili kuokoa kilichobaki, tarehe 6 Juni 1967 marais 3 walitia saini Kampala mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Jumuiya ilianza rasmi Desemba Mosi mwaka huo. Makao makuu yalikuwa Arusha. Reli na ndege ziliongozwa kutoka Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, ambako pia kuliwekwa Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki. Ziwani kwetu meli ya MV Victoria ilizunguka bandari za nchi zote 3. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa na matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, hadi kilipogawanywa mwaka 1970.

Ugonjwa ulikuwa ndani tangu mwanzo. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, kwa sababu wakoloni waliwekeza huko. Sabuni ikitengenezwa Nairobi na kuuzwa Tarime, mnunuzi anapata sabuni, lakini ajira na kodi ya kiwanda vinabaki Nairobi. Mkataba uliziruhusu Tanzania na Uganda kutoza kodi maalumu kwa baadhi ya bidhaa kutoka Kenya ili viwanda vyao vichipue. Haikutosha. Tena Tanzania ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha mwaka ule ule wa 1967 na kushika njia ya ujamaa, wakati Kenya ilifuata njia ya biashara binafsi. Kila upande uliutazama mwingine kwa dharau, na magazeti yalipigana vijembe.

Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote. Nyerere alimpa Obote hifadhi na akakataa kukaa meza moja na Amin. Hapo pana sehemu ya jibu letu. Chombo cha juu cha Jumuiya kilikuwa kikao cha marais 3, na baada ya 1971 hakikukutana tena. Nyerere alichagua kutompa heshima muuaji, nasi hatuoni jinsi ambavyo angefanya vingine na kubaki Nyerere. Hata hivyo gharama yake ilikuwa kwamba nyumba ya watu 3 ilikaa miaka 6 bila kikao cha wenye nyumba, huku madeni na malalamiko yakirundikana bila mtu wa kuamua.

Februari 1977

Mwisho ulikuja kwa kugombania fedha. Kila nchi ilianza kuzuia mapato yaliyopaswa kupelekwa makao makuu ya mashirika. Mwanzoni mwa 1977 ndege za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki zilisimama, na Kenya ikaanzisha shirika lake. Nyingi ya ndege zilikuwa Nairobi. Tanzania, ikiona imeachwa mikono mitupu, ilifunga mpaka na Kenya mwanzoni mwa Februari na kukamata mali za Wakenya zilizokuwa upande huu, yakiwemo magari ya watalii. Hizo ndizo siku ambazo TANU na ASP ziliungana kuwa CCM, tarehe 5 Februari. Wiki moja, chama kimoja kimezaliwa na nchi 3 zimetengana.

Magari ya watalii yanahitaji maelezo, kwa sababu hapo ndipo Serengeti inapoingia. Kabla ya 1977 watalii wengi walitua Nairobi. Walipanda magari ya kampuni za Kenya, wakapita Maasai Mara, wakaingia Serengeti kwa lango la Bologonja, wakalala Lobo au Seronera, wakaenda Ngorongoro na kurudi Nairobi. Serikali ya Tanzania iliona kwamba wanyama ni wake na fedha ni za jirani. Kufunga mpaka kulikusudiwa kuwalazimisha watalii watue Tanzania moja kwa moja kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971.

Watalii hawakufanya hivyo. Walibaki Kenya, wakaitazama nyika ile ile kutoka Maasai Mara. Serengeti ilikosa wageni, hifadhi ikakosa fedha za magari na mafuta ya doria, na majangili wakaingia. Miaka iliyofuata ilikuwa mibaya sana kwa tembo na faru.

Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Nyerere alikuwa ametoa tamko Arusha akiahidi mbele ya wageni wa kimataifa kwamba taifa jipya litawalinda wanyamapori, na kwamba litahitaji wataalamu na fedha za wengine kulifanya hilo. Kwa Waikoma, Wanata na Wangoreme ahadi hiyo ilikuwa na bei yake, maana uwindaji wa babu zao ulizidi kuitwa ujangili. Baada ya 1977 watu hao walibanwa pande mbili: mbuga imefungwa kwao, na watalii ambao wangeleta kazi hawapo.

Tarime nako maisha hayakusimama. Mpaka huu hauna ukuta wala mto mkubwa wa kuuzuia, na anayejua njia za panya havuki kwa kugongewa muhuri. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 madukani Tanzania hakukuwa na sabuni, sukari, mafuta ya kupikia wala khanga. Vyote vilipatikana Kenya. Magendo yakawa ndiyo biashara. Mwaka 1983 serikali ilipoanza kuwasaka walanguzi na wahujumu uchumi, mtu aliyekutwa na katoni ya sabuni ya Kenya alikuwa na maelezo ya kutoa.

Hapa tunamlaumu. Ugomvi wa ndege ulikuwa wa serikali na serikali. Aliyeadhibiwa ni mama wa Sirari ambaye hajawahi kupanda ndege.

Vita, kisha meza

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Vijana wengi wa Tarime na Serengeti walikwenda vitani, na wapo ambao hawakurudi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Vita iliondoa kikwazo kimoja, Amin, lakini iliiacha Tanzania haina fedha, na OAU ilikuwa na nchi kadhaa zilizolaumu jeshi la nchi moja kuingia nyingine. Kenyatta alikuwa amefariki Agosti 1978, Moi akashika nafasi yake. Obote alirudi madarakani Desemba 1980.

Novemba 1983 watatu hao, Moi, Obote na Nyerere, walikutana Arusha. Kwa miaka kadhaa msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alikuwa amehesabu kila kitu cha Jumuiya iliyokufa, injini za treni, majengo, madeni. Waligawana: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Mkataba wa mgawanyo ulitiwa saini Arusha Mei 1984. Na katika mkutano ule wa Novemba mpaka ulifunguliwa.

Tunalitazama hilo kama jambo gumu zaidi kuliko lile la 1960. Mwaka 1960 alijitolea kusubiri akiwa kijana mwenye heshima isiyo na doa. Mwaka 1983 alirudi mezani akiwa na umri wa miaka 61, nchi yake ikiwa na njaa ya fedha za kigeni, kufungua mlango alioufunga mwenyewe.

Baada ya Ikulu

Alistaafu urais Novemba 1985 na kurudi Butiama kulima. Dunia haikumwacha. Kuanzia 1987 hadi 1990 aliongoza Tume ya Nchi za Kusini, iliyokusanya watu kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kutafuta njia nchi maskini zishirikiane wenyewe kwa wenyewe. Hoja aliyokuwa akiirudia kwa miaka mingi inaeleweka na kila mkulima wa pamba wa Serengeti na wa kahawa wa Tarime: bei ya trekta hupanda kila mwaka, bei ya zao letu hupangwa na mnunuzi, na kila mwaka linahitajika zao jingi zaidi kununua trekta lile lile. Nchi moja ikilalamika peke yake hakuna anayesikia.

Kuanzia 1996 alisuluhisha mgogoro wa Burundi, vikao vikifanyika Arusha. Machi 1997, Ghana ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, alikwenda Accra na kukiri hadharani kwamba kizazi chake kiliikomboa Afrika lakini kilishindwa kuiunganisha. Alieleza kuwa viongozi walipoona viti na bendera, hamu ya kuungana ilipungua. Alijihesabu miongoni mwao.

Wakati huo nchi 3 zilikuwa zimeanza tena. Novemba 1993 Mwinyi, Moi na Museveni walikuwa wameunda tume ya ushirikiano, na ofisi yake Arusha ilifunguliwa Machi 1996. Mkataba mpya wa Jumuiya uliandaliwa. Tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu alifariki London kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama tarehe 23. Mkataba ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, siku 47 baada ya kifo chake.

Leo Jumuiya ina nchi 8. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, na Somalia ilikamilisha uanachama mwaka 2024. Sirari na Isebania zina kituo cha pamoja, ambapo msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaweza kupata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa hapo hapo mpakani, na kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa hatozwi ushuru wa forodha. Wengi bado wanapita njia za panya kwa kutolijua hilo. Na kila tarehe 15 Septemba nchi mbili huadhimisha Siku ya Mara, mwaka mmoja huku na mwingine kule, kuzungumzia mto unaotoka Mau.

Lango la Bologonja, lile walilopita watalii kati ya Maasai Mara na Serengeti, halikufunguliwa kwao mwaka 1983. Limebaki limefungwa. Anayetaka kwenda kutoka mbuga moja hadi nyingine huzunguka kupitia Sirari au Namanga. Nyumbu zaidi ya milioni moja hupita katika nyika hiyo kila mwaka, kwenda na kurudi.